Pengo la Saa Mbili au Hesabu Maradufu: Msimbo wa Zamani wa Takwimu Uondolewe Lini?

Tangu tarehe 1 Julai 2023, Google ilipoacha kuchakata takwimu mpya za Universal Analytics, toleo la zamani la Google Analytics, huduma yake ya kuhesabu wageni wa tovuti, katika akaunti za kawaida na kuwasukuma wenye tovuti kuelekea GA4, toleo jipya, tovuti nyingi zimebaki na misimbo ya ufuatiliaji iliyorundikana: mmoja uliobandikwa na fundi wa kwanza ndani ya kiolezo cha kurasa, wa pili uliowekwa na programu-jalizi ya WordPress, na wa tatu unaotoka Google Tag Manager, chombo cha kuweka na kusimamia misimbo ya aina hii, yote ikibeba kitambulisho kimoja kinachoanza na G-. Kwamba ubaki mmoja tu, hilo halina mbishi. Ubishi uko kwenye utaratibu wa kufika huko: je, wa zamani uachwe ukifanya kazi hadi mpya uthibitike, au ung'olewe kwanza?

Wanaotaka uachwe wana hoja isiyopaswa kubezwa. Google Analytics haimhesabu mgeni aliyepita wakati msimbo haupo, na saa zilizopotea hazirudi. Mwenye duka anayelipia matangazo siku hiyo hiyo anahitaji kujua ni tangazo gani limemletea mteja, na atakayeulizwa kuhusu ripoti yenye shimo katikati ni ofisa masoko, si fundi. Zaidi ya hayo, mara nyingi hakuna ajuaye msimbo wa zamani umeshikilia nini. Huenda kitufe cha kutuma fomu kinategemea amri zake, na ukiung'oa kinaacha kuripoti. Ni tahadhari ya watu waliowahi kuungua.

Hata hivyo, wanaosema ung'oe kwanza ndipo uweke wamechukuliwa kuwa mafundi wasiojali takwimu, ilhali wanazijali kuliko wengi. Hoja yao ni kwamba pengo hujitangaza, na hesabu maradufu hujificha. Grafu ikishuka hadi sifuri kuanzia saa nane usiku hadi saa kumi, kila aitazamaye anatambua kwamba hapo palikuwa na jambo. Ikipanda mara mbili Jumatatu asubuhi, watu wanapongezana. Mwenye duka aliyesahau kuandika mauzo ya Jumanne ataona mstari mtupu katika daftari; aliyeyaandika mara mbili hatagundua hadi siku ya kuhesabu fedha, na tovuti, kwa bahati mbaya, haina siku ya kuhesabu fedha.

Nitakaa kidogo kwenye kipimo kimoja, kwa kuwa madhara yake yanazidi kule kuvimba kwa idadi. Katika GA4, kipindi cha mgeni, yaani ziara yake moja, huhesabiwa kuwa chenye ushiriki kikitimiza walau sharti moja kati ya matatu: kidumu zaidi ya sekunde 10, kiwe na tukio (kitendo cha mgeni, kama kutuma fomu) lililoteuliwa kuwa muhimu, au kurasa zifunguliwe mara mbili au zaidi. Sasa tuseme mgeni amefungua ukurasa mmoja, akaona si alichokitafuta, akaondoka baada ya sekunde tatu. Misimbo miwili imetuma taarifa mbili za kufunguliwa kwa ukurasa huo, sharti la tatu limetimia, na mgeni aliyekimbia ameandikwa kuwa mgeni aliyevutiwa. Chukua mfano wa vipindi 1,000 ambavyo 600 kati yake viliisha hivyo: kiwango halisi cha ushiriki ni asilimia 40, lakini ripoti itaonyesha kiasi kinachokaribia asilimia 100. Kiwango cha wanaoondoka papo hapo, ambacho GA4 hukikokotoa kama kinyume cha ushiriki, kitaporomoka karibu na sifuri. Ukurasa mbaya kuliko yote katika tovuti sasa unafanana na ulio bora, na fedha za matangazo zinaendelea kumiminwa huko. Universal Analytics nayo ilikuwa na ugonjwa huo, ndiyo maana mafundi wa siku nyingi wakioneshwa kiwango cha wanaoondoka cha asilimia 2 hushtuka badala ya kufurahi.

Husemwa kwamba hesabu iliyozidi inaweza kugawanywa kwa mbili. Haiwezekani. Idadi ya wageni haikuongezeka, kwa sababu misimbo yote inasoma kidakuzi kimoja, alama inayohifadhiwa kwenye kivinjari cha mgeni. Vipindi navyo vimebaki vilevile. Kilichoongezeka ni kurasa na matukio, tena si yote: manunuzi yenye namba ileile ya muamala huhesabiwa mara moja tu kwa mtumiaji mmoja, ilhali fomu ya mawasiliano haina namba ya muamala. Ukurasa wa malipo unaotumia kiolezo tofauti huenda una msimbo mmoja, na ukurasa wa mwanzo una miwili. Ushiriki wenyewe ni ndiyo au hapana, na ndiyo haigawanyiki.

Wanaotaka wa zamani uachwe watakumbusha kwamba katika mipangilio ya tagi ya Google, yaani msimbo wenyewe, kuna swichi ya kupuuza usanidi unaojirudia kwenye ukurasa uleule. Ipo, na inasaidia. Lakini haimwambii mtu yeyote kwamba misimbo ni miwili, wala haizuii tukio ambalo fundi mmoja ameliandika kwenye kiolezo na mwingine akaliunda upya ndani ya Tag Manager. Naiona kama dawa ya maumivu, nzuri kwa usiku mmoja.

Kujua kama tatizo lipo hakuhitaji zaidi ya dakika tano. Fungua tovuti katika Chrome, bonyeza F12, nenda kwenye kichupo cha mtandao, andika «collect» katika kisanduku cha kuchuja, kisha pakia ukurasa upya. Mistari miwili peke yake si ushahidi, kwa kuwa GA4 hutuma pia taarifa za kusogeza ukurasa na nyinginezo. Soma ndani ya mistari hiyo: ukikuta en=page_view (taarifa ya kufunguliwa kwa ukurasa) mara mbili, zote zikiwa na tid moja, yaani kile kitambulisho cha G-, na anwani moja ya ukurasa, umekwisha kulipata tatizo. Wala usikimbilie kufuta kila kinachoonekana kwa jozi. Tag Manager yenyewe huja na vipande viwili, kimoja cha sehemu ya juu ya ukurasa na kingine cha mwanzoni mwa mwili wake kwa ajili ya vivinjari visivyoendesha JavaScript. Hivyo ni pacha halali.

Vilevile, misimbo miwili yenye vitambulisho tofauti haiharibu hesabu ya yeyote, na hapa ndipo wenye hofu ya pengo wanapopata haki yao. Anayetaka kuujaribu mpya huku wa zamani ukiendelea afungue akaunti ya takwimu ya majaribio, aupe msimbo mpya kitambulisho cha huko, alinganishe kwa wiki moja, na ahakikishe kila kitufe kinaripoti. Akiridhika, achague saa ambayo wageni ni wachache, aondoe wa zamani kwenye kiolezo na kwenye programu-jalizi, asafishe kache ya tovuti, kisha ndipo abadilishe kitambulisho cha mpya. Kache ndiyo husahaulika: kiolezo kimeshasafishwa, lakini wageni wanaendelea kupewa nakala ya jana yenye msimbo wa zamani, na fundi anaapa kwamba ameutoa.