Jaba Halijajaa

Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipungua, na jiji la Dar es Salaam likaingia kwenye mgao. Sisi wa Kimara, tunaotegemea mtambo wa Ruvu Juu, maji yetu yalikuwa yanakuja kama mume mlevi: usiku wa manane, yanakohoa, yanapiga kelele, halafu alfajiri hayapo. Usiku ninaousimulia tulikuwa kwenye siku ya tisa bila tone. Simtanki letu la lita 1,000 lilikuwa limebaki na mjusi mmoja, naye alionekana anajiuliza maswali.

Chini ya sinki la jikoni kulikuwa na bomba la plastiki la PPR ambalo tangu mwezi uliopita lilikuwa linatoa jasho kwenye elibo, pale linapopinda kona. Nilimwita fundi. Akachungulia, akavuta pumzi kwa meno kama daktari aliyeletewa picha mbaya ya mapafu. "Bosi, hapa panakatwa, panachomwa upya. Na mashine lazima ifike nyuzi 260, ukichoma kwa moto wa kubahatisha haishiki. Elfu thelathini na tano."

Nikamwambia nitakupigia.

Elfu thelathini na tano, kwa elibo! Nikaenda kwa fundi baiskeli pale kituoni, nikapata kipande cha tyubu kwa jero. Nikalizungushia bomba, nikakaza na waya wa kufungia nondo, nikafungua koki. Hata tone halikuvuja. Nikamwita mke wangu aje ashuhudie. Akainama, akatazama, akasema "Mh," akarudi kwenye tamthilia yake. Ile "mh" ningeisikiliza vizuri ningekuwa mbali. Bomba halikuvuja kwa sababu halikuwa na maji.

Kuna jambo la pili inabidi nikiri. Miezi miwili kabla nilikuwa nimetandaza pevingi getini, chini ya mwembe. Vijana waliniuliza, "Mzee, hii koki kubwa ya mita tuiachie nafasi?" Nikawajibu wafunike tu, inaharibu muonekano. Pevingi ikapendeza sana. Mpaka wapita njia walikuwa wanaisifu.

Basi, saa nane na nusu usiku koki ya bafuni ikakohoa. Mtu yeyote wa mjini anaujua mlio ule: hewa iliyojaa kwenye mabomba matupu inasukumwa na maji yanayokuja nyuma yake. Mke wangu akaruka kitandani. "Baba Sele, maji!" Alilisema kwa sauti tamu ambayo sikuwa nimeisikia tangu fungate. Tatizo la maji ya usiku ni kwamba mtaa mzima umelala na koki zimefungwa, kwa hiyo ile presha yote inazunguka kutafuta mjinga mmoja. Ilimpata chini ya sinki langu.

Pah!

Tyubu tuliikuta asubuhi imenata juu ya feni. Nilifika jikoni maji yanapiga ukuta wa pili, kabati limefunguka lenyewe, friji limesimama ndani ya dimbwi. Nilichofanya cha akili usiku ule ni kimoja tu: nilikimbilia meni swichi nikazima umeme. Giza likatanda. Nikarudi jikoni kwa kupapasa, marumaru zimelowa, mguu mmoja ukaelekea sebuleni na mwingine stoo. Nikadaka rafu. Rafu nayo ikanidaka. Mfuko wa unga wa sembe wa kilo tano ukapasukia kichwani kwangu, na kwa kuwa nilikuwa nimeshalowa, uliganda barabara kuanzia utosini hadi kiunoni. Kuanzia kiunoni kushuka nilikuwa nimejifunga kanga ya mke wangu, kwa sababu ya joto la Oktoba. Naomba muiweke picha hiyo akilini.

Mtaimbo nilikuwa nimemwazima jirani. Nikachukua nilivyovigusa gizani: mchi wa kinu na upawa wa chuma. Mikono yote ikajaa, kwa hiyo kisimu changu cha kitochi nikakibana kwa meno, taa ikimulika mbele. Nikatoka mbio hadi chini ya mwembe, nikapiga magoti, nikaanza kutwanga pevingi. Du! Du! Du! Halafu nachota mchanga kwa upawa. Halafu du, du tena. Jina la Mungu nilikuwa nalitaja, ila ukiwa na simu mdomoni hata dua inatoka kama kitu kingine.

Mke wangu, ambaye mimi nilidhani analia, alikuwa kwenye sherehe. Siku tisa hajaona maji! Ameshajaza ndoo zote, masufuria, beseni la mtoto, chupa za chai, na sasa amelisukuma jaba la lita 120 mpaka lilipo bomba. Akasikia natwanga, akaelewa naitafuta koki. Akatoa kichwa dirishani, akapaza sauti mtaa mzima usikie:

"Usifunge! Jaba halijajaa!"

Ng'ambo ya ukuta nikasikia dirisha linafunguliwa. Ilikuwa sauti ya mama wa genge, ananong'ona kwa nguvu kama wanavyonong'ona watu wanaotaka kusikika: "Jaba la nini?"

Sauti ya mume wake: "Wewe lala. La nyama za watu."

Nikageuka niwaeleze. Hapo ndipo nilipokosea. Waliona uso mweupe pe, wenye mwanga unaotoka mdomoni, mchi mkononi, na chini kanga iliyoandikwa MTASEMA MCHANA USIKU MTALALA.

"Mchawi! Mchawi kadondokaaa!"

Sijawahi kuona mtaa wetu ukiitikia jambo kwa haraka namna ile. Michango ya ulinzi shirikishi watu wanazungushana miezi mitatu, lakini usiku ule ndani ya dakika mbili walikuwa kama ishirini getini, wana fimbo, wana fagio, mmoja ana chumvi kwenye kikombe. Mjumbe wa shina ametangulia na tochi. Kijana mmoja akauliza ungo wangu uko wapi. Nikatema kitochi nikasema, "Jamani, ni mimi! Baba Sele!" Mama wa genge akadakia, "Ndivyo wanavyofanyaga, wanachukua sura ya mtu unayemjua!"

Aliyeniokoa ni mke wangu. Alitoka na ndoo mbili zinamwagika, akawaangalia, akaniangalia, akasema, "Mume wangu anatafuta koki. Maji yametoka." Halafu akaingia ndani kufuata ndoo nyingine.

Kimya. Mjumbe akarudia polepole, "Maji yametoka?"

Fimbo zilitupwa palepale. Wale watu waliokuja kunichoma moto walirudi na madumu, tena kwa mstari, na nilipoifikia ile koki hatimaye na kuishika, mjumbe mwenyewe akaniwekea mkono begani: "Baba Sele, vumilia kidogo, kuna akina mama wawili bado." Nikavumilia. Ndani kwangu godoro la mtoto lilikuwa linaelea na sabufa imeshakata kauli, lakini nilikuwa nimechoka kubishana na binadamu.

Koki ilifungwa saa kumi kasoro. Saa kumi na moja maji ya mjini yakakatika yenyewe.

Fundi alikuja saa tano na mashine yake. Akalitazama bomba, akaitazama tyubu niliyokuwa nimeitoa kwenye feni, akauliza nani alifunga hivi. Nikamwambia kuna fundi mmoja alipita. Bei ilikuwa elfu hamsini, na nilimlipa bila kusema neno.

Mtaani tumesuluhishwa, ingawa mama wa genge mpaka leo akinirudishia chenji anaiweka mezani, hanipi mkononi. Na ule mwembe, ambao kila mwaka watoto wa mtaa huumaliza embe zikiwa bado changa, Desemba ile ziliiva zote mtini mpaka zikawa zinadondoka zenyewe.