Kwanza Tuambie Bamvua Likoje

Mpwa wangu katunga sayari, kaiita Shani. Juzi baada ya magharibi alitusomea sura ya kwanza barazani, hapa Sahare, Tanga. Anga ya Shani ni ya zambarau, miti ina macho, na mwezi wake unaonekana mpana mara mbili ya huu wetu. Chini ya mwezi huo kuna kijiji cha wavuvi, nyumba ziko mchangani kabisa.

Mzee mmoja, mtega madema wa miaka mingi, akatua kikombe chake cha kahawa. "Mjukuu wangu, bamvua huko likoje?" Bamvua ni yale maji makuu, bahari inapojaa na kupwa kuliko siku zote, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu.

"Babu, hii ni hadithi tu."

Watu wakacheka. Mimi naona mzee ndiye aliyeuliza la maana kuliko sote. Ukiutaka mwezi huu huu uonekane mpana mara mbili, lazima uusogeze. Badala ya kilomita 384,000, uwe kwenye 192,000. Sasa, nguvu ya mwezi ya kuyafanya maji yajae na kupwa haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nane. Bamvua letu la mita 3 na ushee linakuwa mita 24, kwa hesabu ya harakaharaka. Kijiji kimekwenda na maji kabla ya sura ya pili.

Tena mwezi ukiwa karibu hivyo unazunguka upesi: mwandamo kila siku 10 hivi, bamvua kila baada ya siku 5. (Mzee aliposikia hayo alitaka kujua kama Ramadhani nayo itakuwa ya siku kumi. Hilo niliwaachia masheikh.)

Halafu hewa. Kijana kaandika kuwa hewa ya Shani ni nyepesi, nusu ya yetu, lakini ngalawa zake zinakimbia kama mshale. Zitakimbizwa na nini? Upepo ule ule, hewa ikiwa nusu, unalisukuma tanga kwa nusu ya nguvu. Kule Mirihi, ambako kanieneo ya hewa haifiki hata asilimia 1 ya hii yetu, dhoruba ya kilomita 100 kwa saa ingekupapasa shavu tu. Na jikoni je? Hewa nusu ni kama ya kilele cha Kilimanjaro, maji yanachemka kwenye nyuzi 80 na kitu. Maharage yatatokota mchana kutwa na bado yatakuwa magumu. Hapo ndipo penye hadithi: mama anayepika maharage yasiyoiva. Mimi ningesoma kurasa kumi za mama huyo kabla sijaugusa mti wenye macho.

Nilimweleza yote hayo, akanuna, akaondoka na daftari lake.

Jana kaniletea ujumbe: "Mjomba, kijiji nimekihamishia juu ya mwamba. Wanashuka kwa kamba, na kila baada ya siku tano hakuna anayeshuka." Maharage wameacha, wanakula dagaa. Miti bado ina macho.