Kabla hujanunua mapezi makubwa, angalia nani kakaa nyuma

Kila tukimaliza mashindano ya kayaki za pedali za watu wawili, stori ni zilezile. Fulani kaweka mapezi makubwa, yale yanayopiga maji chini ya kayaki ukikanyaga pedali, fulani kabadili propela, mwingine kaona video ya mtu anapaka sijui nta gani chini ya bodi. Hakuna hata mmoja anayeuliza mlikaaje mle ndani. Na siwasemi kwa ubaya, mimi mwenyewe nilikuwa hivyohivyo, tena kinara, pesa niliyomwaga kwenye vifaa sitaki hata kuijumlisha.

Hesabu kidogo, msikimbie. Kayaki ikienda inaumba wimbi omo, yaani mbele, na jingine tezi, yaani nyuma, na kadiri unavyoongeza spidi wimbi linazidi kurefuka mpaka linalingana na kayaki yenyewe, na ukifika hapo unakuwa unapanda kilima ulichokijenga mwenyewe, unakanyaga mpaka mapaja yanawaka na GPS haisogei. Kukadiria kilima kinaanzia wapi ni rahisi: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa bodi unaogusa maji kwa mita, zidisha kwa 4.5, jibu ni kilomita kwa saa. Kayaki ya watu wawili ya Hobie Oasis ina mita 4.4 hivi, kwa hiyo kilima chake, mimi nakiita ukuta, kiko kwenye 9.4. Nyingine ya Hobie, Tandem Island, ina kama mita 5.6, inasogea mpaka 10.6. Bodi nyembamba sana zinaupenya ukuta huo, sawa, ila hizi zetu za pedali ni pana ili zisipinduke, hivyo tusijidanganye.

Halafu kuna hii inayouma zaidi. Nguvu inayotakiwa inapanda karibu kwa kipeo cha tatu cha spidi, yaani ukitaka kuongeza asilimia 10 ya mwendo unatakiwa ukanyage kwa nguvu asilimia 33 zaidi. Ndiyo maana watu wawili hawaendi mara mbili ya mmoja. Ukizidisha nguvu mara mbili, bodi ikabaki vilevile, unapata nyongeza ya asilimia 26 tu, na hapo bado sijahesabu kwamba huyo wa pili ana uzito wake na kayaki inazama zaidi.

Ukitaka kuukimbia ukuta kabisa inabidi utoke majini. Mwaka 1991 Mark Drela wa chuo cha MIT, Marekani, aliendesha chombo kinachoitwa Decavitator kwa pedali akafika noti 18.5, kama kilomita 34 kwa saa, lakini kile chombo kilikuwa kimenyanyuka juu ya mabawa ya chini ya maji, kinasukumwa na propela ya hewani, na umbali ulikuwa mita 100. Siyo kayaki ya kubebea chupa za maji na mwenzako anayelalamika mgongo. Mfano ninaoupenda mimi ni wa Greg Kolodziejzyk, Mcanada, ambaye mwaka 2008 alikanyaga peke yake saa 24 akamaliza kilomita 245 na ushee. Piga hesabu, ni kama 10.2 kwa saa, mchana na usiku. Wengi wetu tunaiona hiyo namba kwenye GPS kwa sekunde nane halafu tunapiga picha.

Sasa nirudi kwenye kukaa. Mimi nina kilo 92, mwenzangu 61. Msimu mzima nilikaa nyuma, sababu ya maana hakuna, nilipenda tu kumwona yeye na njia yote mbele yangu, nijione nahodha. Siku moja mtu akaturekodi kutoka ufukweni. Jamani, ile video! Omo iko juu inanusa hewa, tezi imezama, na nyuma yetu maji yanachemka kama sufuria. Nikakumbuka kwamba ule mlio niliokuwa nausikia chini ya kiti, glu, glu, glu, nilikuwa nauchukulia kama dalili ya spidi. Kumbe ni tezi inaburuza maji.

Tukabadilishana viti, na lile begi la maji lita 10 lililokuwa nyuma kabisa tukalileta katikati. Njia ileile, maji yametulia, wastani ukatoka 7.1 ukaja 7.6. Unaona ni kidogo? Ni asilimia 7, na kwa ile hesabu ya juu maana yake ni nguvu ya asilimia 22 ambayo hatukuikanyaga. Kwa watu wawili hiyo ni karibu nusu mtu wa tatu, asiyekula wala kunung'unika. Bure! Na mapezi makubwa niliyonunua kabla ya hapo yalikuwa yamenipa maumivu ya goti tu.

Siyo kwamba mapezi hayana maana. Mfumo wa mapezi wa Hobie, uliotoka 1997, unapiga kama mabawa ya pengwini, yanapita kushoto na kulia chini ya bodi, na ukilikaza pezi inakuwa kama umeweka gia kubwa. Ila gia kubwa ni ya mwenye miguu ya kuizungusha kwa saa mbili, siyo dakika mbili. Mimi nimelegeza yangu, naenda haraka zaidi kwa miguu na taratibu zaidi kwa goti, na mwisho wa safari bado natembea.

Kitu kingine ambacho sioni watu wakikijaribu ni zamu ya miguu. Pezi likifika mwisho wa mpigo linasimama kidogo ligeuke, kuna kanukta pale ambako hamna msukumo. Wote wawili mkikanyaga pamoja, kanukta kanakuja pamoja, kayaki inaenda kwa kurukaruka, na ukiangalia chupa ya maji miguuni utaiona inacheza mbele nyuma. Mkipishana nusu mpigo mmoja anaziba pengo la mwenzake. Sisi ilituchukua wiki tatu, mwenzangu anahesabu kwa sauti, namkosa, ananitukana, tunaanza upya, mpaka siku moja chupa ikatulia. Hapo ndipo nilipoelewa.

Mengine ni ya usafi na akili za kawaida. Maji yakiingia ngamani yatoe, kila lita ni kilo. Utelezi wa kijani chini ya bodi ufute. Kebo ya pedali ikianza kulia kwa-kwa-kwa imelegea, unakanyaga kebo hukanyagi maji. Kiti kikiwa karibu mno goti linapanda kifuani na nguvu inaishia hapo, kikiwa mbali unanyonga nyonga kuifikia pedali. Majani yakinasa kwenye propela yatoe, usijipe moyo kwamba yatatoka yenyewe. Na usukani, tafadhali, kila ukiugeuza umepiga breki. Kuna jamaa tunashindana nao wana miguu kama mashine, lakini njia yao ni nyoka, tunawapita tukiwa tumenyooka tu tunapiga soga.

Halafu ule mtindo wa kuanza kwa fujo. Filimbi ikilia watu wanarukia ukuta wao wa 9 na kitu, dakika tano baadaye ndimi nje. Kwa ile kanuni ya kipeo cha tatu huwezi kulipa deni hilo, kila nusu kilomita kwa saa ya ziada uliyoipata mwanzo inakugharimu zaidi mbele. Sisi tunaanza wa mwisho au wa pili kutoka mwisho, tunakaa kwenye wimbi la wa mbele pale linapobeba, na tunaanza kuwaokota kuanzia nusu ya njia. Inachosha kimoyomoyo kuona migongo ya watu, sikatai.

Tatizo lililobaki ni moja. Mwenzangu sasa anakaa nyuma na amegundua kwamba akiacha kukanyaga kwa dakika moja mimi wa mbele sioni. Nimeanza kuiangalia ile chupa.