Maombi ya masaa 24 hayakuanza na spika

Siku hizi kila kona bango la maombi, siku 21, siku 40, masaa 24 bila kukoma, na mi sina shida na mkesha kabisa, nimekesha sana tu, ila kuna kitu kinanikera. Watu wameaminishwa kwamba kuomba bila kukoma ni mchungaji kushikilia maiki mpaka sauti ikauke na waumini kwenda kazini jumatatu macho mekundu. Wale walioliweza hili jambo likadumu hawakufanya hivyo hata kidogo.

Karne ya 5 pale Constantinople, leo Istanbul, kulikuwa na watawa wanaitwa Akoimetoi, walisifika kwamba hawalali, kumbe walilala vizuri tu, walijigawa makundi, hili likimaliza zaburi lingine linapokea. Agaunum, siku hizi Saint-Maurice huko Uswisi, Sigismund wa Waburgundi alianzisha monasteri mwaka 515 na mtindo ulikuwa huohuo, zamu.

Ila wanaonivutia zaidi ni wa Herrnhut, Ujerumani. Kijiji kilianza 1722, wakimbizi wa dini kutoka Moravia, leo ni sehemu ya nchi ya Czech, wamepewa hifadhi kwenye ardhi ya kabaila mmoja, Zinzendorf, na msidhani walikuwa malaika maana miaka ya mwanzo waligombana mpaka basi. Wakaja kupatana 1727, tarehe 13 Agosti, kwenye meza ya Bwana kanisani Berthelsdorf, halafu tarehe 27 wakaanza: wanaume 24, wanawake 24, kila saa ina mwanaume mmoja na mwanamke mmoja, kila mtu anaomba kivyake hukohuko alipo, saa yako ikiisha mwenzako kapokea na wewe unaenda kulala au kuendelea na kazi zako. Basi. Hakuna kupiga kelele, hakuna bango, na hiyo zamu ikaenda zaidi ya miaka 100!

Sasa piga hesabu, mtu anaomba saa moja, anabaki na 23 za kutafuta riziki na kulea watoto, ndo maana hawakuchoka. Na 1732 wakaanza kutuma watu nje, wa kwanza Leonard Dober, mfinyanzi, na David Nitschmann, seremala, wakaenda St. Thomas kule Karibiani kwa watumwa, kisiwa kilikuwa cha Denmark. Wahubiri wanapenda kusema hawa jamaa walijiuza utumwa, hapana, hawakujiuza, na kibaya zaidi wenzao waliowafuata walinunua shamba pamoja na watumwa wake miaka hiyohiyo ya 1730, yaani kule nyumbani Herrnhut zamu ya maombi inaenda usiku na mchana. Hii sehemu sijawahi kuisikia madhabahuni, na mi naona isemwe, kwasababu kuna watu wanadhani ukishaomba masaa mengi basi huwezi kukosea.

Na sisi huku tunahusika, wamishenari waliofika Rungwe 1891 walitoka kwa haohao wa Herrnhut, ndo kanisa linaloitwa Moravian, leo Tanzania ndo ina Wamoravian wengi kuliko nchi yoyote duniani. Tangu 1957 kanisa lao limeirudisha ile zamu kidunia, majimbo ya kanisa duniani yamegawana siku za mwaka, siku yenu ikifika mnajipanga masaa wenyewe.

Kwahiyo kama kanisa lenu linataka masaa 24, chukueni karatasi moja, chora mistari 24, bandika mlangoni watu waandike majina. Mzee ambaye usingizi unamkimbia saa kumi alfajiri mpeni hiyohiyo saa kumi, mama anayenyonyesha usiku yuko macho tayari, mlinzi naye ana zamu yake tayari. Jirani mwenye mtihani kesho hata hatajua kama mnaomba. Saa nane na saa tisa za usiku ndo zitakosa majina, najua, hizo wachukue wachungaji.