Yai Limenikana Mbele za Watu

Kabla yule rafiki yangu hajamaliza kulisambaza tukio hili kwenye magrupu na chumvi yake, niacheni niseme mwenyewe. Sikuzimia. Nilichuchumaa tu.

Juzi maabara kwetu, huku Ujerumani, wazazi walikuja na watoto kutembelea. Mwenzenu nikapewa kuwaonyesha yai la mnyoo aitwaye C. elegans likigawanyika, hadubini imeunganishwa na skrini kubwa ukutani. Mnyoo mwenyewe ana milimita 1. Yai lake halijigawi sawa: mbele seli kubwa, nyuma ndogo, na wasimamizi wa mgao huo ni jeni za par, walizozitangaza watafiti akina Kemphues mwaka 1988. Nikamwaga yote hayo kwa mbwembwe. (Ndiyo, nilivaa tai. Tuendelee.)

"Angalieni, kubwa kushoto, ndogo kulia."

Yai likaanza kubonyea kiuno. Katikati. Nikasema subirini, kitasogea. Wapi! Kikazidi kubana, taratibu, kama mtu anayekaza mkanda huku anakutazama usoni, mpaka zikabaki seli mbili kama chungwa lililokatwa na fundi. Nikakohoa. "Ya kushoto imezidi kidogo, mkitazama vizuri." Binti wa miaka kama tisa akainuka, akaenda skrini, akapima kwa shibiri. Kushoto shibiri moja. Kulia shibiri moja. Akageuka kuniangalia kwa huruma, jamani, huruma ya mtoto!

Sikukoma. Nikawaambia ya mbele hutangulia kugawanyika, ya nyuma hufuata dakika chache baadaye. Zikagawanyika pamoja, kama zimehesabiwa moja, mbili, tatu. Binti akauliza kama nimeanza kazi leo.

Hapo ndipo nilipochuchumaa.

Kumbe jina la kisahani nililiandika kwenye kifuniko badala ya kitakoni. Vifuniko vikapishana, nikapasua mnyoo mwenye par-2 mbovu, mojawapo ya zile jeni za mgao. Na msiniambie ningemtambua: mama wa hivyo ananawiri na kutambaa kama wenzake, kasoro inajitokeza kwenye mayai yake. Msimamizi alicheka, wageni wakapewa keki, wakaondoka, basi.

Ila tangu siku hiyo kila asubuhi nakuta nusu mbili za chungwa mezani kwangu, na rula pembeni. Leo nimezipima. Ya kushoto imezidi kidogo.