Jiko la Kifaransa: anza na sakafu, kabati zije mwisho

Picha za "jiko la Kifaransa" mitandaoni karibu zote zinafanana: kabati nyeupe zenye nakshi, taa ya vioo vinavyometameta, saa kubwa ukutani. Ukiingia jikoni kwenye nyumba ya zamani ya shamba huko Burgundy au Provence, nchini Ufaransa, unakuta kitu kingine: sakafu ya vigae vya udongo, kuta za chokaa, meza nzito ya mbao, sinki pana la jiwe au kauri, na masufuria yakining'inia pale pale yanapotumika. Ni jiko la kazi, na uzuri wake unatoka kwenye kazi hiyo. Anayelitamani atumie fedha zake kwenye vitu vinavyokanyagwa, vinavyopashwa moto na vinavyokatiwa vyakula. Kabati zinaweza kuwa za kawaida kabisa.

Sakafu ndiyo ya kwanza, maana ukishapanga vitu juu yake hutaigusa tena kwa miaka mingi. Kigae chenyewe kinaitwa tomette: udongo wa kuchoma, pembe sita, rangi kati ya wekundu na kahawia. Salernes, katika mkoa wa Var, ndio mji wenye sifa ya vigae hivi. Tomette hunywa kila kinachomwagika, maji, mafuta au divai, kwa hiyo lazima ikingwe. Hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibika, kwa sababu ya haraka. Fundi akishalaza vigae, chini yake bado mna unyevu, na unyevu huo hutoka kwa kupanda juu. Ukipaka mafuta kabla haujaisha, umeufungia ndani. Baadaye chumvi huibuka kama ukungu mweupe ambao kusugua hakuuondoi. Subiri wiki 4 hadi 6, na zaidi kukiwa na baridi. Ili kujua kama pamekauka, bandika kipande cha nailoni cha sentimita 50 kwa 50 sakafuni, ukizibe pande zote kwa utepe, ukiache saa 24. Ukiona umande upande wa chini, ongeza siku.

Pakishakauka, changanya mafuta ya kitani na tapentaini nusu kwa nusu, uyapake kwa brashi pana. Mkono wa pili na wa tatu punguza tapentaini. Kila mara, baada ya dakika 15 hadi 20, futa mafuta yote yaliyobaki juu. Yasipofutwa hugeuka utando unaonata, na vumbi lote la nyumba litahamia hapo. Matambara uliyofutia usiyakunje wala kuyarundika kwenye ndoo kavu. Mafuta ya kitani yakikauka hutoa joto, na rundo la matambara hayo linaweza kuwaka moto lenyewe. Yatandaze nje moja moja, au yaloweke kwenye ndoo ya maji kabla ya kuyatupa.

Kuta ni chokaa, na msomaji wa Lamu au Unguja, aliyekulia kati ya nyumba za mawe na chokaa, anaijua kazi hii kuliko wauzaji wengi wa rangi. Chokaa iliyokomaa kwenye maji, sehemu moja, izimuliwe kwa maji sehemu mbili au tatu mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Rangi itoke kwenye madini, kwa mfano udongo wa manjano na mwekundu ambao kijiji cha Roussillon kimepata umaarufu kwao, na isizidi asilimia 10 ya uzito wa chokaa. Ikizidi, ukuta utakuwa unachafua nguo za kila anayeuegemea. Rangi zisizo za madini huchujuka kwa ukali wa chokaa. Lowesha ukuta kwanza, kisha paka mikono mitatu au minne myembamba, ukiacha siku nzima kati ya mmoja na mwingine. Usitishike ukuta ukionekana hauna kitu wakati bado mbichi. Chokaa hujitokeza inapokauka. Haishiki juu ya rangi ya plastiki, kwa kuwa inahitaji kupenya kwenye plasta na kuvuta hewa ili igande. Vaa glavu na miwani. Nyuma ya jiko la gesi na nyuma ya sinki weka vigae, kwani chokaa haivumilii mafuta ya kukaangia.

Kuhusu rangi, sijaona somo zuri kuliko nyumba ya mchoraji Claude Monet huko Giverny, alikoishi kuanzia 1883 hadi alipofariki 1926. Jiko lake limefunikwa kwa vigae vya bluu na nyeupe vya mji wa Rouen, na chumba cha kulia kilicho jirani ni cha manjano tupu. Mlango ukiwa wazi, rangi moja inaiinua nyingine. Kwa hiyo kabla ya kuchagua rangi ya jikoni, simama kwenye chumba cha jirani ukiwa umefungua mlango.

Meza ya kazi ina jambo moja linalosahaulika: kimo. Julia Child, Mmarekani aliyesomea upishi Paris, alikuwa mrefu, na mumewe Paul aliinua meza za jiko lao la Cambridge, Massachusetts, hadi karibu sentimita 97, badala ya 91 zilizozoeleka huko. Jiko hilo sasa limo katika jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington. Pima wewe: kunja kiwiko, kisha shuka sentimita 10 hadi 15. Jiwe la marumaru ni zuri kwa kusukumia unga wa keki kwa sababu hubaki baridi, lakini limau na siki huacha madoa yaliyofifia, na hayo hayafutiki, maana ni jiwe lenyewe lililoliwa. Ningeweka kipande cha sentimita 60 kwa 60 tu, kwingine kote mbao.

Sasa masufuria ya shaba nyekundu. Villedieu-les-Poêles huko Normandy ndio mji wa wafua shaba, na Mauviel wanatengeneza hapo tangu 1830. Ukinunua vya zamani kwenye masoko ya vitu vilivyotumika, nenda na rula, upime ukingo. Milimita 2 hadi 2.5 ni chombo cha kupikia. Chini ya 1.5 ni cha kupeleka mezani au pambo la ukutani, hata kiking'aa namna gani. Sufuria nene ya upana wa sentimita 20 ina uzito wa karibu kilo 3 pamoja na mpini, kwa hiyo mkono wako utakuambia kabla ya rula. Kisha tazama ndani. Bati lililopakwa humo ni laini, na huyeyuka kwenye nyuzi 232 za Selsiasi tu, ndiyo maana sufuria hii haibandikwi motoni ikiwa tupu, wala haikorogwi kwa kijiko cha chuma. Wekundu wa shaba ukianza kuonekana ndani, usipikie nyanya wala siki humo mpaka ipakwe bati upya, na gharama hiyo ijumlishe kwenye bei kabla hujatoa pesa. Beseni la jamu halipakwi bati, nalo ni salama kwa kazi yake ilimradi matunda yaingie yakiwa yameshachanganywa na sukari, na jamu isilale humo.

Masufuria manane ya namna hiyo ni zaidi ya kilo 20. Fimbo ya kuyatundika ifungwe kwenye boriti au kwenye ukuta wa tofali, kamwe si kwenye ubao wa jasi peke yake, na isiwe juu kabisa ya moto, kwani mvuke wa mafuta utayapaka utando wa kunata.

Fedha ikibaki, ndipo uje kwenye kabati. Mbao laini, rangi isiyong'aa, vitasa vya chuma cheusi, basi. Chini ya sinki hata mlango hauhitajiki: pazia la kitani kwenye waya linatosha, nalo liishie sentimita 3 juu ya sakafu ili lisinyonye maji unapopiga deki.