Eric Kandel na konokono wa baharini: kamari iliyolipa, na deni lililobaki

Eric Kandel, mtafiti wa ubongo na kumbukumbu, alipokwenda Paris mwaka 1962 kufanya kazi na Ladislav Tauc, mtafiti wa seli za neva za konokono, wakubwa zake wengi katika fani waliona anajipoteza. Alikuwa tayari na jina. Huko Bethesda, Marekani, yeye na Alden Spencer walikuwa wamenasa ishara za umeme kutoka ndani ya seli za hipokampasi za paka. Hipokampasi ndiyo iliyokuwa gumzo wakati ule, kwa sababu mwaka 1957 Brenda Milner alikuwa ameeleza habari za mgonjwa aliyejulikana kama H.M., ambaye baada ya kukatwa sehemu hiyo pande zote mbili za ubongo hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya za matukio. Mtu mwenye nafasi kama hiyo anaiachaje, aende kuhangaika na Aplysia, konokono mkubwa wa baharini?

Sababu yake ilikuwa nzuri, na kwangu mimi hapo ndipo ubora wake kama mtafiti unapoonekana kuliko hata kwenye matokeo yaliyofuata. Aliona kwamba seli za hipokampasi, ukizipima moja moja, hazina ajabu kubwa: zinapiga ishara zao karibu sawa na seli nyingine za neva. Basi siri ya kumbukumbu haimo ndani ya seli peke yake, imo pale seli zinapokutana, yaani kwenye sinapsi. Lakini huwezi kufuatilia sinapsi moja katika ubongo wa paka wenye mamilioni ya seli. Aplysia ana seli za neva zipatazo 20,000 tu, nyingine zinafikia upana wa milimita 1, na nyingi unaweza kuzitambua na kuzikuta mahali palepale kwa kila konokono.

Jaribio lenyewe ni la kawaida sana. Ukimgusa konokono kwenye mrija wake anakunja matamvua. Ukimgusa tena na tena anazoea, anaacha kujali. Ukimpiga shoti ya umeme mkiani, mguso mwepesi tu unamfanya akunje kwa nguvu. Mwaka 1970 Kandel na wenzake, Vincent Castellucci, Irving Kupfermann na Harold Pinsker, walionyesha kwamba kuzoea na kushtuka huko kunaambatana na kupungua au kuongezeka kwa nguvu ya sinapsi kati ya seli ya hisi na seli inayoendesha misuli. Baadaye ngazi za chini zikafunguka: serotonini, kemikali ya kupelekeana ujumbe kati ya seli za neva, inaamsha AMP mzunguko, kemikali inayopitisha ujumbe ndani ya seli, na seli ya hisi inamwaga kemikali nyingi zaidi. Mafunzo yakirudiwa, protini iitwayo CREB inawasha jeni, na Craig Bailey na Mary Chen wakaona kwa hadubini sinapsi mpya zikiota. Kumbukumbu ya muda mfupi inarekebisha kilichopo, ya muda mrefu inajenga.

Wanaomtetea, wakisema alichokiona kwa konokono kinahusu wanyama wengine pia, wana hoja ngumu kuipangua. Katika maabara ya Seymour Benzer kule California, nzi waliozaliwa wakiwa wazito wa kujifunza walikutwa na hitilafu katika njia ileile ya AMP mzunguko. Nzi na konokono walitengana zamani mno, kwa hiyo hii haiwezi kuwa kioja cha mnyama mmoja. Tuzo ya Nobel ya mwaka 2000, aliyogawana na Arvid Carlsson na Paul Greengard, haikuwa ya huruma.

Upande wa pili, kukunja matamvua si sawa na kukumbuka sura ya bibi yako. Kandel mwenyewe alirudi kwenye hipokampasi, safari hii kwa panya, na huko hadithi ilishaanza bila yeye: Tim Bliss na Terje Lømo walikuwa wameripoti mwaka 1973 kwamba sinapsi za hipokampasi za sungura zinaimarika kwa saa nyingi zikichochewa kwa nguvu. Mitambo yake haikuwa sawasawa na ya konokono, kwani seli inayopokea ina kazi kubwa zaidi. Hata kwa Aplysia, ilikuja kuonekana kwamba seli inayopokea ilikuwa imepuuzwa mno.

Athari ambayo haisemwi sana ni kwamba ushindi ule uliwafanya vijana wengi wa fani waione molekuli kuwa ndiyo swali lote. Kampuni aliyoshiriki kuianzisha mwishoni mwa miaka ya 1990, Memory Pharmaceuticals, ilitafuta dawa za kumbukumbu na ikaishia kununuliwa na kampuni kubwa ya dawa, Roche. Kidonge hakikupatikana. Si haki kumbebesha yeye lawama yote, kwa maana ugonjwa wa Alzheimer, unaofuta kumbukumbu, umewashinda wengi, lakini kujua jinsi sinapsi inavyoimarika hakukuwa karibu na tiba kama ilivyotangazwa.

Pingamizi kali zaidi limetoka kwa mtu aliyepitia maabara yake, David Glanzman. Mwaka 2014 kikundi chake kilionyesha kwamba sinapsi zinazotoweka kumbukumbu ya konokono inapofutwa si lazima ziwe zile zilizoota wakati wa kujifunza, na kumbukumbu iliyodhaniwa imekufa inaweza kurudishwa. Mwaka 2018 wakachukua RNA, molekuli inayobeba maagizo ya jeni, ya konokono waliofunzwa, wakawadunga wasiofunzwa, nao wakawa wepesi kushtuka. Mimi jaribio la RNA linanipa shaka, maana huenda RNA hiyo iliwasisimua tu bila kuwapa kumbukumbu yoyote. Lile la 2014 ni zito, kwa sababu linagusa nguzo yenyewe: kama sinapsi zinakuja na kuondoka, kinachodumu kiko wapi?

Kandel hakulikwepa swali hilo, ambalo lilikuwapo hata kabla ya 2014. Protini za kwenye sinapsi hazidumu miaka, ilhali kumbukumbu inadumu. Mwaka 2003 yeye na Kausik Si walipendekeza kwamba protini iitwayo CPEB, katika neva za Aplysia, inaweza kujigeuza umbo kwa namna ya prioni, yaani protini inayozilazimisha nyingine za aina yake kuchukua umbo lake, na kuziambukiza protini wenzake umbo hilo, hivyo alama ikabaki hata molekuli za mwanzo zikiisha. Ushahidi wa kuunga mkono umepatikana pia kwa nzi na panya.